Feleji, vimondo na damu ya joka: panga za hadithi mbele ya fuawe

Katika tenzi za kale shujaa hashiki upanga tu. Anashika upanga wa feleji. Neno hilo lilitosha. Msikilizaji alijua papo hapo kwamba hiki si chuma cha jembe. Ni chuma teule, cha upanga mrefu ulionyooka wenye makali pande zote mbili, na anayeubeba si mtu wa kuchezewa. Mtunzi hakueleza feleji inatengenezwaje. Hakuwa na haja.

Hadithi za fantasia za siku hizi zina feleji zao. Kuna upanga uliofuliwa kwa chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, upanga uliozamishwa katika damu ya joka, upanga mwepesi kama unyoya unaopasua jabali, upanga uliovunjika enzi za baba ukafuliwa tena kwa ajili ya mwana. Ukiuliza kama mambo haya yanawezekana, jibu la haraka utakalopewa ni kwamba hizo ni hadithi tu, achana nazo. Jibu hilo linanikera, kwa sababu si la kweli. Maajabu mengi ya panga yana mzizi katika karakana. Ni kazi ya wahunzi iliyosimuliwa na watu waliochungulia mlangoni, wakaona moto, mvuke na makali, wasione kilichokuwa kikitokea ndani ya chuma chenyewe. Na pale hadithi inapopotoka, mara nyingi kosa ni lile lile: siri yote imewekwa kwenye madini, ilhali kwa mhunzi sehemu kubwa ya siri iko kwenye joto.

Chuma kitupu ni laini kuliko wengi wanavyodhani. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, aliandika kwamba panga za Wagauli zilipinda baada ya pigo la kwanza, na mpiganaji akalazimika kuukanyaga wake ili kuunyoosha. Iwe alitia chumvi au la, ndivyo chuma kisicho na kaboni kinavyofanya. Kaboni hiyo ni ile ile ya makaa. Ikiingia kwenye chuma kwa kiasi cha nusu asilimia hadi asilimia moja hivi, unapata chuma cha makali. Ikizidi asilimia mbili unapata chuma cha kusubu, kigumu lakini kinachopasuka kikianguka sakafuni. Upanga wa kilo 1.2 wenye kaboni asilimia 0.7 una gramu nane na kidogo tu za kaboni, uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari. Katika vijiko hivyo viwili ndimo ilimo tofauti kati ya upanga na kipande cha bati kinachopinda.

Lakini kuwa na kaboni hakutoshi, na hapa ndipo moto unapoingia. Chuma cha aina hiyo kikipita nyuzi joto 727 za Selsiasi, mpangilio wa atomu zake hubadilika na kaboni huyeyukia ndani yake kama chumvi ndani ya maji. Kikiachwa kipoe taratibu, kaboni hujitenga na chuma hurudi ulaini wake. Kikizamishwa ghafla, kaboni haipati muda wa kutoka. Hunaswa katikati ya atomu za chuma na kuzisukuma, na matokeo yake ni chuma kigumu sana ambacho wataalamu wa metali wanakiita martensaiti. Sasa kinaweza kukwaruza kioo. Pia kinaweza kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo mhunzi hukirudisha motoni kwa upole, nyuzi 200 hadi 300 na ushei, ili kupunguza ule ukali wa ndani. Wakati huo ngozi ya chuma hubadilika rangi: manjano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu. Kabla hakujawa na kipimajoto cha aina yoyote, mhunzi alisoma rangi hizo kwa jicho lake, na aliyekosea kidogo alipoteza kazi ya wiki nzima. Nadhani upanga wa buluu unaotajwa katika masimulizi mengi hauhitaji uchawi. Mtu aliuona ukitoka motoni.

Hii ndiyo sheria ambayo upanga wowote, wa kweli au wa kubuni, unapaswa kuiheshimu. Ugumu hutunza makali. Uimara wa kuhimili pigo huzuia upanga usivunjike. Sifa hizi mbili zinavutana: ukiongeza moja unaila nyingine, na kila mhunzi anachagua mahali pa kusimama. Hadithi mbovu ni ile inayokataa kuchagua, ikasema upanga ni mgumu kuliko almasi na hauvunjiki kamwe. Hadithi nzuri humwonyesha mhunzi akihangaika na uchaguzi huo.

Kosa baya kuliko yote liko katika filamu: chuma kinachowaka kinamiminwa kama uji kwenye kalibu yenye umbo la upanga, kinapoa, shujaa anaunyanyua. Picha hiyo ni ya zama nyingine. Panga za shaba iliyochanganywa na bati, ile tunayoiita bronzi, zilisubiwa hivyo hasa, kwa kuwa mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi 1000 hivi, na baada ya hapo makali yaligongwa kwa nyundo ili yawe magumu. Upanga wa Goujian, mfalme wa Yue, uliofukuliwa Hubei nchini China mwaka 1965, ni wa bronzi. Una miaka ipatayo 2,500 na bado ulikuwa na makali ulipotolewa kwenye ala. Chuma ni kingine. Huyeyuka kwenye nyuzi 1538, na tanuri nyingi za kale hazikufika huko. Zilitoa bonge zito lenye matundu, limejaa mavi ya chuma, ambalo mhunzi alilipiga na kulipiga hadi uchafu utoke. Hata ukifanikiwa kukiyeyusha, upanga uliomiminwa na kuachwa hivyo hivyo huwa na chembe kubwa na mapovu ndani, na utakatika. Chuma cha upanga hufuliwa.

Kuhusu damu. Kuna masimulizi ya kale kwamba panga za Dameski zilizamishwa katika mwili wa mtumwa, na fantasia imeongeza damu ya joka na machozi ya malaika. Nimesimama mara nyingi kando ya wahunzi wa barabarani nikiwatazama wakizamisha panga za kufyekea kwenye ndoo, na jambo ambalo halionekani kwa mbali ni jinsi maji yalivyo msaliti. Chuma chekundu kinapoingia majini, maji yanayokigusa hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hukifunika kama blanketi. Chini ya blanketi hilo chuma kinapoa polepole na kwa mafungu, sehemu hii ngumu, ile laini. Chumvi huivunja blanketi hiyo. Ndiyo maana maji ya chumvi hupoza chuma haraka kuliko maji matupu. Theophilus, mtawa na fundi aliyeandika kitabu cha ufundi karne ya 12, alishauri zana zizamishwe kwenye mkojo wa mtoto mdogo mwenye nywele nyekundu. Leo tunacheka nywele hizo, lakini mkojo una chumvi, na zana yake ilitoka ngumu kuliko ya jirani aliyetumia maji ya kisima. Alikosea sababu, hakukosea matokeo.

Damu ya mtu nayo ina chumvi kidogo, ila nyingi yake ni maji, na protini zake huganda zikiguswa na joto na kung'ang'ania chuma. Haina faida yoyote juu ya ndoo ya maji ya chumvi. Na upanga uliochomekwa kwenye nyama ungepoa upande mmoja kabla ya mwingine, ukapinda kama upinde. Ukatili ule ungezaa upanga mbovu. Joka ni jambo lingine, kwa sababu joka ni la mwandishi. Kama damu yake ni nzito kama mafuta na haichemki upesi, basi itapoza chuma taratibu kuliko maji na kukiepusha na nyufa, kama yanavyofanya mafuta katika karakana za leo. Mwandishi anayeandika hivyo amempa mhunzi wake sababu ya kweli ya kumtafuta joka.

Sasa kimondo, ambacho ndicho kipenzi cha fantasia. Sisi tunacho kikubwa kabisa: Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kinachokadiriwa kuwa na tani 16, karibu asilimia 90 yake chuma na asilimia nane hadi tisa nikeli. Yeyote aliyewahi kukigusa anajua kwa nini watu wa kale walikiheshimu chuma cha namna hiyo. Kabla ya kujua kuyeyusha mawe ya chuma, binadamu walipata chuma kutoka huko juu. Jambia lililokutwa kwenye maiti ya Tutankhamun lilipimwa kwa eksirei, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha nikeli karibu asilimia 11 pamoja na kobalti kidogo. Hiyo ni alama ya kimondo. Kwa hiyo silaha ya mfalme iliyotengenezwa kwa nyota ni jambo lililotokea.

Swali ni kama ilikuwa silaha bora. Jibu zuri kuliko yote ninalolijua lilitolewa na mhunzi mmoja wa India. Mwaka 1621 kimondo kilianguka karibu na Jalandhar, Punjab, na mfalme Jahangir aliandika habari zake katika kumbukumbu zake mwenyewe. Alimkabidhi chuma hicho Ustad Daud atengeneze panga, jambia na kisu. Ustad alirudi na habari kwamba chuma hicho hakivumilii nyundo, kinasambaratika. Hakukata tamaa. Alichanganya sehemu tatu za chuma cha kimondo na sehemu moja ya chuma cha kawaida, akatoa panga mbili, kisu kimoja na jambia moja. Mfalme alizijaribu na kuzisifu kuwa zinakata kama panga bora. Kisu hicho kipo hadi leo, katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington.

Leo tunajua Ustad Daud alikuwa akipambana na nini. Vimondo vya chuma kwa kawaida vina kaboni kidogo mno ya kukifanya kigumu kwa kuzamishwa, na ndani yake mna vipande vya salfa na fosforasi vinavyokifanya kipasuke chini ya nyundo. Nyota, kwa maana ya mhunzi, ni malighafi mbaya. Lakini nikeli inampa kitu kingine: chuma chenye nikeli kikifuliwa pamoja na kisicho nayo, kisha kikaoshwa kwa tindikali nyepesi, chenye nikeli hubaki cheupe na kingine huwa cheusi. Uzuri wa chuma cha mbinguni ulikuwa kwa macho. Makali yalitoka kwa ile sehemu ya nne, chuma cha duniani kisichotungiwa shairi.

Nimesema siri iko kwenye joto kuliko kwenye madini. Haki inanitaka nieleze kisa kinachonipinga, nacho ndicho kinachohusu feleji yetu. Kusini mwa India na Sri Lanka wahunzi walifunga chuma ndani ya chungu kidogo cha udongo pamoja na vipande vya miti na majani, wakakichoma kwa saa nyingi. Chuma kilinyonya kaboni, na kadiri kilivyoinyonya ndivyo joto lake la kuyeyuka lilivyoshuka, hadi kikawa kimiminika. Kilipopoa kilitoka tonge lenye kaboni asilimia moja na nusu hivi, safi, lisilo na mavi. Matonge hayo yalisafirishwa hadi Uajemi na Shamu, na panga zilizofuliwa kutokana nayo zilionyesha mawimbi juu ya bapa kama maji yanayopigwa na upepo. Waarabu waliuita upanga wa chuma cha India *muhannad*, na washairi wao hawakuchoka kuutaja.

Pwani yetu haikuwa mbali na biashara hiyo. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliandika juu ya chuma cha Sofala kilichonunuliwa na wafanyabiashara na kupelekwa India, ambako kilipendwa na kuuzwa kwa bei nzuri. Kwa hiyo upanga wa kigeni uliosifiwa katika ushairi wa Bahari ya Hindi ungeweza kabisa kuwa na chuma cha Afrika ndani yake. Sijaona hadithi ya kubuni iliyolitumia jambo hili, na nasikitika, kwa sababu ni mali iliyolala.

Wazungu walijaribu kuiga chuma hicho. Michael Faraday mwenyewe, kabla ya kazi zake maarufu za umeme, alikichunguza kuanzia mwaka 1819. Wahunzi wa Ulaya walizoea kufua chuma kikiwa cheupe kwa moto, na tonge la India likifikishwa huko hubomoka. Linataka moto mdogo, wa wekundu tu, na uvumilivu mwingi. Kisha, kati ya karne ya 18 na ya 19, ufundi wenyewe ulizimika hata Mashariki, na hadithi ya siri iliyopotea ikazaliwa. Miaka ya 1990 mtaalamu wa metali John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray, wote wa Marekani, walirudia kazi hiyo tonge baada ya tonge. Walichogundua ni kwamba yale mawimbi hutokea pale chuma kinapokuwa na vanadi, metali nyingine, hata kiasi kidogo cha sehemu za mia za asilimia moja. Kila chuma kinapochomwa na kupigwa, vanadi huzivuta chembe ngumu za kaboni zijipange mistari. Maelezo yao ni kwamba madini ya machimbo fulani yalikuwa na vanadi, na machimbo yalipobadilika mawimbi yakatoweka. Hebu fikiria uchungu wa mhunzi wa wakati huo. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa na baba yake, kwa moto ule ule na nyundo ile ile, na mawimbi hayakuja. Mwandishi wa fantasia angemweka mchawi hapo. Ukweli unauma zaidi.

Wala haitupasi kwenda mbali kutafuta mahali pa kuweka hadithi ya chuma. Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 katika jarida la Science matokeo ya kazi yao Kagera, ambako wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri kwa kumbukumbu ya ujana wao. Shimo lilijazwa matete ya kinamasini yaliyochomwa hadi kuwa makaa, na hayo yakakilisha chuma kaboni. Mirija ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ilipashwa moto kabla ya kukutana na makaa. Kilichotoka kilikuwa chuma chenye kaboni, na mabaki ya tanuri za kale katika eneo hilo yanarudi nyuma kati ya miaka 1,500 na 2,000.

Mengine niyapitie haraka. Nyoka anayeonekana ndani ya bapa la panga za kaskazini mwa Ulaya alikuwapo kweli kwa macho: wahunzi walisokota fito za chuma za aina mbalimbali kama msuko wa nywele, wakaziunga kwa moto, na msokoto ulipofuliwa kuwa bapa ikabaki alama ya nyoka anayejikunja. Upanga wa Kijapani uliokunjwa mara elfu haukukunjwa mara elfu. Ukikunja mara kumi tayari una tabaka 1,024, na kazi ya kukunja ni kusambaza kaboni na kuondoa uchafu. Ukizidisha, kaboni inaungua na upanga unarudi ulaini. Upanga mkubwa kama mlango haubebeki: mita 1.8 kwa urefu, sentimita 25 kwa upana na sentimita moja kwa unene ni kilo 35 za chuma, wakati panga halisi za mikono miwili zilikuwa na kilo mbili hadi tatu na nusu. Na upanga mwepesi kama unyoya unatua kwenye ngao kama bua la mpapai, maana pigo ni uzito unaokwenda kasi.

Wamasai wengi leo wana sime zilizofuliwa kutokana na springi za gari au tupa kuukuu. Wengine hulitaja jambo hilo kwa huruma, kana kwamba ni umaskini. Chuma cha springi kina kaboni iliyosambaa sawasawa na kimetengenezwa mahususi kupinda na kurudi maelfu ya mara. Wahunzi wa zamani, akiwemo Ustad Daud, wangekitolea dhahabu.

Umebaki upanga uliovunjika. Katika masimulizi ya kale ya Skandinavia, Sigurd anamtaka mhunzi Regin amfulie upanga. Wa kwanza anaupiga juu ya fuawe, unavunjika. Wa pili vivyo hivyo. Ndipo analeta vipande vya upanga wa marehemu baba yake, na kutokana navyo Regin anafua upanga uitwao Gram. Kuunga vipande viwili ncha kwa ncha kusingefaa. Kiungo kingekuwa mahali pa kwanza pa kukatika, na moto wa kuungia ungekuwa umefuta ugumu wote wa zamani. Ila Regin anaweza kuvipanga vipande, kuvichoma hadi vigandane, kuvikunja, kuvivuta upya, kisha kuuzamisha upanga na kuurudisha motoni kana kwamba haukuwahi kuwa upanga. Hilo linawezekana kabisa.

Kisha Sigurd anaujaribu. Anaupiga juu ya fuawe, na simulizi linasema fuawe ilipasuka hadi kwenye kitako, jambo ambalo siliamini. Lakini upanga haukuvunjika. Halafu anakwenda mtoni, anatupa kitita cha sufu juu ya mkondo, anautega upanga mbele yake. Jaribio la kwanza lilikuwa la uimara. Hili la pili ni la makali. Aliyelitunga simulizi hilo alijua mhunzi anaogopa nini. Sufu inaelea polepole, inafika kwenye makali, na maji yanaipeleka mbele ikiwa vipande viwili.